Foki Iliyokubali

Fundi baiskeli wa miji midogo ya Bonde la Ufa ni mtu asiyeshindwa. Mpelekee Black Mamba iliyopinda foki, iliyopoteza nusu ya gololi zake na kukatika spoki, na jioni utaiona barabarani imebeba magunia mawili ya makaa. Ustadi wake ni wa kweli, ila baiskeli yenyewe humsaidia. Umbo la Black Mamba halijabadilika kwa miongo mingi. Rimu ni ile ile ya inchi 28 kwa moja na nusu, breki ni zile zile za vyuma vya kuvuta, na kranki hushikwa na pini inayopigiliwa kwa nyundo. Kipuri kilichotoka India hukaa kwenye baiskeli iliyotoka China bila ugomvi, na kikileta ubishi kidogo, kuna tupa, kuna nyundo, kuna kipande cha kopo la soda cha kuziba pengo. Katika ufundi huo, kitu kikishaingia, kazi imekwisha.

Kisa hiki ni cha kijana aliyempelekea fundi wa namna hiyo baiskeli ya namna nyingine kabisa. Simtaji jina, kwa sababu kisa chenyewe nimekiunga kutokana na makosa yanayozifikia karakana za baiskeli za mashindano kila msimu, na kijana wake ana majina mengi. Tumweke Naivasha, akifanya kazi katika shamba la maua. Jumapili hukodi baiskeli na kuingia Hell's Gate, mojawapo ya mbuga chache za Kenya ambako mtu anaruhusiwa kupita kwa baiskeli katikati ya pundamilia. Mwaka 2021, mashindano ya Migration Gravel Race yalipofanyika kwa mara ya kwanza huko Maasai Mara, takriban kilomita 650 kwa siku nne za vumbi na mawe, aliona picha za vijana wa Afrika Mashariki wakichuana na wageni waliozoea mbio za Ulaya. Akataka na yeye. Baiskeli mpya ya changarawe, iliyokamilika, ilikuwa bei ya ng'ombe kadhaa. Zamu yake ya chama ilipofika, akaamua kuijenga mwenyewe, kipande baada ya kipande.

Uamuzi huo haukuwa wa kijinga. Wapo wanaojenga hivyo na kupata baiskeli inayoishinda ya dukani kwa pesa zile zile. Lakini baiskeli ya changarawe ni mtoto wa wazazi wawili wasioelewana. Usukani uliopinda chini na mikono ya breki inayobadilisha gia amevirithi kwa baiskeli ya mbio za lami. Tairi pana, gia nyepesi za kupandia mlima na breki za diski amevirithi kwa baiskeli ya milimani. Kila mzazi ana vipimo vyake vya ekseli, vya waya, vya beringi, na hakuna aliyekubali kuviacha. Shimano walitoa GRX, seti yao ya kwanza iliyobuniwa kwa ajili ya changarawe peke yake, mwaka 2019 tu. Kabla ya hapo watu walichanganya walivyoweza, na michanganyiko yao ndiyo inayojaa leo katika soko la mitumba.

Tena vipimo vyenyewe havitulii. Habu ya nyuma ya baiskeli yenye diski ilikuwa na upana wa milimita 135, ikaja ya 142 yenye ekseli nene ya kupenya pande zote mbili, halafu watu wa milimani wakahamia 148. Kalipa za breki zilisimama juu ya masikio mawili yaliyochomoza kwenye foki. Mwaka 2014 Shimano wakaleta kikalio bapa, na baiskeli nyingi za usukani uliopinda zikakifuata. Mengine ya haya yana sababu nzuri. Breki ya diski hulivuta gurudumu kwa nguvu isiyo sawa pande mbili, na ekseli ya kupenya hulishika mahali pake. Mengine, kwa maoni yangu, yamefaidi zaidi wauzaji wa magurudumu kuliko waendeshaji. Lakini mnunuzi hana pa kukata rufaa. Kilichobaki ni kupima.

Kijana hakupima. Alianza na fremu ya aluminiamu, mtumba kutoka Ulaya, iliyouzwa bila foki. Ilikuwa fremu nzuri kweli, na hapo bahati ilimpendelea: kichwa chake kilikuwa kipana chini kuliko juu, tayari kupokea shina la foki la inchi moja na moja ya nane juu na inchi moja na nusu chini, nyuma ilitaka habu ya milimita 142, breki yake ilikuwa ya kikalio bapa, na tundu la kranki lilikuwa laini, la kipenyo cha milimita 41, ambamo beringi husukumwa ndani badala ya kufungwa kwa skurubu. Muuzaji hakuyajua haya. Kijana naye aliuliza rangi na bei.

Foki aliiona kwenye simu. Ilikuwa ya kaboni, nyeusi, nyepesi, na bei yake ilikuwa nusu ya zile nyingine. Maelezo yalisema ni ya gurudumu la 29 na kwamba shina lake ni pana chini. Hapa nataka nimtetee kidogo, maana alikuwa amesoma. Alijua kwamba rimu ya 29 ya milimani na rimu ya 700 ya barabara ni kitu kimoja, zote kipenyo chake ni milimita 622 pale tairi inapokalia. Akahitimisha kwamba foki ya 29 itabeba gurudumu lake. Na kweli iliweza kulibeba. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba swali ni hilo moja.

Vipuri vingine vilifika kwa njia zao: gurudumu la mbele kutoka kwa rafiki, la nyuma kutoka soko la mitumba, kranki kutoka kwa mtu aliyekuwa akihama, mikono ya breki ya Shimano ya barabara yenye gia 11, direla ya nyuma ya Shimano ya milimani, nayo ya gia 11. Namba zililingana, basi. Akavitia vyote kwenye gunia, akampelekea fundi aliyemtengenezea baiskeli tangu utotoni.

"Mzee, hivi vitakubaliana?"

"Kijana wangu, nimeshaona chuma cha kila aina. Hakuna kisichokubali."

Baadhi vilikataa siku hiyo hiyo. Tairi mbili alizonunua mjini, zilizoandikwa 28, zilining'inia kwenye rimu. Namba 28 katika maduka yetu ni ya Black Mamba, ambayo rimu yake ni milimita 635, lakini Ulaya tairi ya 622 nayo huandikwa 28, na tofauti ya milimita 13 haizibwi na upepo wowote wa pampu. Namba ya kuamini ni ile ndogo iliyochapwa ubavuni mwa tairi, kama 40-622: upana kwanza, kisha kipenyo cha rimu. Gurudumu la nyuma lilikuwa la 148. Fremu ilitaka 142. Fundi akapendekeza kuzipanua nguzo mbili za nyuma, jambo ambalo amelifanya mara nyingi kwenye chuma na chuma kikavumilia. Aluminiamu haivumilii. Ukiilazimisha, ufa huanzia kwenye kiungo cha kuchomelewa na hukua polepole bila kukujulisha. Kijana alikataa kwa sababu aliogopa rangi itachubuka. Ilikuwa sababu ya kitoto, nayo ikaiokoa fremu.

Kranki pia iligoma. Ilikuwa ya SRAM, ya mfumo wa DUB uliotoka mwaka 2018, wenye mhimili wa milimita 28.99. Beringi zilizokuwa ndani ya fremu zilikuwa za mhimili wa 24, kipimo cha Shimano. Zipo beringi za DUB zinazoingia katika tundu la 41, na angeziagiza angemaliza, lakini hakujua kama zipo. Akauza kranki kwa hasara na kununua ya Shimano. Ekseli ya foki ilikuwa ya milimita 15, ilhali habu ya mbele ilitobolewa kwa ajili ya 12. Hiyo ilikuwa rahisi, kwani habu nyingi za sasa huvuliwa vifuniko vya pembeni na kuvikwa vya kipimo kingine. Kila kukataa kulimgharimu pesa, nauli na wiki nzima ya kusubiri, na kila mara alirudi nyumbani amekunja uso. Laiti vipuri vyote vingemkunja uso hivyo.

Vilivyobaki vilikubali.

Direla ilikubali kufungwa. Boliti yake ni ile ile, waya wake ni ule ule, kaseti yake ina meno yale yale. Tofauti iko katika urefu wa waya unaovutwa kwa kila mbofyo. Shimano waliutenganisha urefu huo kati ya barabara na milima walipovuka gia 9. Kabla ya hapo, vipuri vya 8 na 9 vya pande hizo mbili vilishirikiana vizuri, na ndiyo maana fundi mwenye umri fulani atakuapia kwamba huchanganyika, naye hasemi uongo. Kwa gia 11 mambo ni mengine. Gia ya tatu iliingia, ya nne ikaruka, ya tano ikalia bila kukoma.

"Itazoea," fundi akasema.

Waya hauzoei. Lakini gia inayoruka ni kero tu, na kijana angeweza kuishi na kero hiyo.

Foki ilikubali vizuri kuliko vyote. Shina lilipita kichwani, beringi zikakaa, gurudumu likazunguka bila kugusa popote. Hakuna aliyelaza tepu kutoka katikati ya ekseli hadi pale shina linapoanzia, juu ya taji la foki. Foki ngumu ya changarawe kwa kawaida huwa karibu na milimita 395 hapo. Hii ilikuwa 465. Ilitengenezwa kwa ajili ya fremu za milimani, ambazo mchoraji wake huziandaa akitarajia foki ya springi mbele yake, na foki ngumu ya kuchukua nafasi ya springi lazima iwe ndefu vile vile ili fremu isianguke mbele. Kwenye fremu ya kijana, milimita 70 za ziada ziliinua pua ya baiskeli nzima na kuilaza nyuma karibu nyuzi 4. Kichwa kilichochorwa kusimama kwa nyuzi 71 kikawa 67 na kitu. Kiti nacho kikarudi nyuma kiasi hicho hicho, akawa kama anazipiga teke pedeli zilizo mbele yake badala ya kuzikanyaga.

Kuna kipimo kingine ambacho hakionekani kwa macho, nacho ni umbali kati ya pale ambapo mstari wa usukani ungegusa ardhi na pale ambapo tairi inagusa kweli. Umbali huo ndio unaoamua kama usukani unageuka upesi au unabaki mzito. Kwa fremu kama ile ulipaswa kuwa karibu milimita 68. Kwa kichwa kilicholala hivyo, na foki isiyojipinda mbele kama ile iliyokusudiwa, ulivuka 90. Juu ya lami tambarare hutagundua, pengine hata utasifu kwamba baiskeli imetulia. Fundi aliijaribu uwanjani na kusema imetulia.

Juu ya shina la kaboni alifanya alichofanya maisha yake yote. Shina la chuma au la aluminiamu hupigiliwa ndani nati ya nyota, kisahani cha chuma chenye ncha zinazong'ata ukuta, ili boliti ya juu ipate pa kushika wakati wa kukaza beringi. Kaboni haipigiliwi. Hutiwa kibanio kinachotanuka taratibu unapokikaza na kusukuma ukuta bila kuukwaruza. Kibanio hicho kilikuja na foki ndani ya kimfuko. Fundi alikitazama, hakuona kazi yake, akakiweka katika kopo la nati zilizobaki, kisha akachukua nyundo. Nati ikaingia kwa mapigo machache. Stemu akaikaza kwa nguvu ya mkono wake, na mkono wake una nguvu, ilhali boliti za stemu juu ya kaboni kwa kawaida huishia karibu na nyutonimita 5, ambazo ni kidogo kuliko mtu anavyofikiri.

Nifike kwenye breki ya mbele, maana hapo ndipo kisa kilipogeukia. Breki ya diski ya waya ina sehemu mbili zinazopaswa kufahamiana, mkono unaovuta na kalipa inayobana. Mikono ya usukani wa mbio huvuta waya mfupi. Ya milimani huvuta waya mrefu zaidi, na kalipa za upande huo hutengenezwa zikisubiri urefu huo. Avid BB7, kalipa ya waya inayojulikana sana, huuzwa kwa aina mbili, ya barabara na ya milimani, na ukiziweka mezani utahangaika kuzitofautisha. Foki ya kijana ilikuwa na masikio mawili ya kizamani, kwa hiyo kalipa ya kikalio bapa haikukaa. Akatafuta yoyote ya kukaa hapo, akapata ya milimani. Mkono wa barabara, kalipa ya milimani: ukivuta hadi mwisho, pedi zinasogea nusu tu ya safari yake.

Fundi aligundua kwamba mkono unashuka sana. Alilitatua kwa ustadi: akaukaza waya mpaka pedi zikawa zinakaribia kuigusa diski hata breki ikiwa imeachwa. Sasa mkono ulibana mapema. Kijana akaendesha mbio hadi getini, akavuta, baiskeli ikasimama. Akalipa, akashukuru, na mzee akakataa pesa ya chai kwa sababu alikuwa amefurahia kazi.

Pedi za breki huisha, na vumbi la volkeno la Naivasha huzila upesi zaidi. Breki za mafuta hujisogeza zenyewe pedi zinapopungua. Za waya hazijisogezi. Mtu huzirudisha karibu kwa mkono, kidogo kidogo. Mfumo uliopangika vizuri una akiba ya safari kabla mkono haujagusa usukani. Huu haukuwa na akiba. Akiba yote ilikuwa imetumika uwanjani ili uonekane mzima.

Asubuhi moja alipanda kuelekea Kinangop. Ziwa Naivasha liko karibu mita 1,880 juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kinangop uko juu ya mita 2,400, kwa hiyo kupanda ni kwingi. Gurudumu la mbele lilimsumbua njia nzima. Kwa mwendo wa polepole lilikuwa likiangukia kushoto, kisha kulia, akawa anashindana na usukani badala ya mlima. Alifikiri ni uchovu. Akasogeza kiti mbele mpaka mwisho wa reli zake, akaendelea. Kushuka kukawa kutamu mwanzoni. Baiskeli yenye kichwa kilicholala hushuka kwa heshima, mradi njia imenyooka. Baada ya kona kadhaa aliona mkono wa kulia unashuka zaidi kuliko ulivyokuwa. Kona iliyofuata ukagusa usukani, na pedi zikawa zinaipapasa diski tu. Akabana ya nyuma. Breki ya nyuma peke yake juu ya kokoto hulifunga gurudumu, na gurudumu lililofungwa huteleza litakako. Akataka kugeuza, usukani ukachelewa. Akauendea mtaro.

Alivunjika mfupa wa mtulinga na kupoteza jino. Wanaoshuka mteremko ule wakiwa na lori nyuma yao wamewahi kupoteza zaidi.

Mkono ulipopona, aliipeleka baiskeli kwa fundi mwingine, Nairobi, mwanamke anayehudumia baiskeli za mbio na ambaye hakuwa na haraka. Aliibomoa yote na kuvipanga vipande juu ya mkeka kwa makundi mawili, bila kueleza kwa nini. Kijana alidhani ni vizima na vibovu.

"Hivi vilikukataa," akamwambia, akionyesha orodha aliyoiandika kwa maelezo yake: tairi za 635, habu ya 148, kranki ya DUB. "Na hivi vilikukubali. Mimi naviogopa hivi."

"Lakini Dada, hivi ndivyo vilivyoingia."

"Ndiyo, ndugu yangu. Cha kwanza kimekula pesa yako. Hiki kimekula jino."

Akatoa stemu na kumulika ndani ya shina. Ncha za nati ya nyota zilikuwa zimeuchana ukuta, na kutoka kwenye mchano mmoja ufa mwembamba ulishuka kupita mahali ambapo stemu ilikuwa imebana. Haukuwa umesababisha ajali. Ulikuwa ukisubiri ajali yake yenyewe. Ilikuwa rahisi kumlaumu mzee wa Naivasha, na kijana alianza kumlaumu, lakini yule mwanamke alimkatiza. Mzee alifanya kila alichoombwa. Aliombwa vikubaliane, akavikubalisha. Hakuna aliyemwomba apime, na katika biashara yake hakuna kilichowahi kumlazimisha kupima.

Nakubaliana naye nusu. Fundi anayeona kimfuko chenye kitu asichokijua ana wajibu wa kuuliza kabla ya kuchukua nyundo. Lakini mwenye baiskeli ana wajibu mkubwa zaidi, kwa sababu ndiye aliyekusanya gunia lile.

Namna yule mwanamke alivyoijenga upya ndiyo inayofaa kutazamwa. Hakugusa kipuri chochote kabla ya kuisoma fremu. Alipima kichwa juu na chini kwa rula ya vania, kwa sababu vipo vichwa vinavyoonekana vipana na bado huchukua beringi tofauti, nyingine zikitofautiana hata kwa pembe ya ukingo wao, na beringi ya pembe isiyo yake hukaa vizuri mkononi na kuanza kugonga barabarani. Alipima tundu la kranki, upana wa nyuma, kikalio cha breki. Kisha akaingiza tairi kati ya nguzo za nyuma na kutazama nafasi iliyobaki kila upande. Tairi ya 40 ilipita. Ya 45 nayo ilipita, kwa shida, na kijana akaifurahia. Yeye akaikataa. Kule Mara, mvua ikinyesha, udongo mweusi hunata kwenye tairi kwa tabaka, na nafasi ndogo hujaa udongo ndani ya mita mia chache mpaka gurudumu lisimame. Fremu ikishasema 40, usiibembeleze.

Alipomaliza fremu ndipo akaenda kwenye foki, na ya foki aliyaandika yote kwa pamoja: shina la juu na la chini, urefu kutoka ekseli hadi taji, kiasi cha kujipinda mbele, ekseli, kikalio cha breki, upana wa tairi inayoweza kupita. Moja likikosekana katika maelezo ya muuzaji, alilihesabu kuwa halifai hadi lithibitishwe. Kwa urefu alikuwa mkali kuliko yote. Tofauti ya milimita 5 aliivumilia. Ya 20, alisema, hubadilisha kichwa kwa takriban nyuzi moja, na hapo unaendesha baiskeli ambayo mchoraji hakuichora. Tena foki ndefu ni mkono mrefu unaokisukuma kichwa cha fremu kila unapogonga jiwe, na watengenezaji wengi hawatakusikiliza ukirudi na fremu iliyopasuka hapo.

Vya gia na breki alivichukua kama ukoo mmoja. Mikono ya Shimano ya barabara ya gia 11 ilibaki, kwa kuwa ilikuwa mizima. Akaibadilisha direla kuwa ya GRX ya gia 11, RX812, ambayo hufuata mvuto wa barabara na hubeba kaseti hadi meno 42 ikiwa mbele kuna gia moja. Kijana aliuliza kama anaweza kuongeza ya pili mbele, na kitu cha kuihamisha. Anaweza, akajibiwa, ila awe mwangalifu: kranki za GRX zimesogeza mstari wa cheni nje kwa milimita 2.5 kuliko za barabara ili tairi pana ipate nafasi, na kihamishi cha mbele nacho kimesogezwa vivyo hivyo. Ukichukua kimoja cha GRX na kingine cha barabara, cheni itasugua bila kukoma. Akaamua kubaki na moja. Kalipa ya mbele ikawa ya kikalio bapa, ya barabara, sawa na ile ya nyuma ambayo siku zote ilikuwa sahihi.

Foki ya zamani aliishika kwa jiriwa na kuikata shina kwa msumeno. Kijana alipiga kelele kidogo, kwa sababu alikuwa na mteja, mwanafunzi wa chuo aliyemwahidi kuichukua kwa elfu kadhaa. Hakujibiwa. Vipande viwili vikaenda kwenye pipa la taka.

Ikabaki kutafuta nyingine. Kijana alimwandikia muuzaji mmoja jijini, akimtumia vipimo vyote kwa ujumbe mmoja, na jibu likaja upesi: "Itaingia tu, bosi." Akauliza tena, urefu ni upi, kutoka ekseli hadi taji. "Bosi, hiyo ni ya gravel, itaingia." Akaomba picha ya foki ikiwa imelazwa kando ya tepu ya kupimia. Siku mbili kimya, kisha simu ya kumwambia kwamba kuna mteja mwingine anaitaka na bei itapanda. Alisema mteja huyo apewe. Jioni yake picha ikafika, tepu imelala juu ya sakafu ya saruji, mwanzo wake ukiwa katikati ya ekseli: milimita 397. Akaikuza kwenye skrini ili asome pia kilichochapwa kwenye mguu wa foki, 12 kwa 100, halafu akatuma pesa.